Mtandao Hausumbui, Anwani Ndiyo Imekufa

Ningekuwa na mamlaka kwa siku moja tu, ningepiga marufuku sentensi moja katika ofisi zote za nchi hii: "Mtandao unasumbua." Imekuwa kama salamu. Unaingia ofisini na karatasi zako, mtandao unasumbua. Unauliza kama barua pepe yako ya wiki iliyopita ilifika, unaambiwa labda ilikuja siku ambayo mtandao ulikuwa unasumbua. Mtandao umekuwa yule mtoto wa kambo ndani ya nyumba. Sahani ikivunjika, ni yeye. Maziwa yakimwagika, ni yeye.

Jamani, leo nimekuja kumtetea mtoto wa kambo.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilikuwa likizo nyumbani Korogwe. Mtoto wa shangazi yangu anaishi Chanika, pale Handeni. Ana stashahada, na ana miaka miwili anatafuta kazi. Akaona tangazo la kazi ya muda katika ofisi moja ya umma hapa Korogwe, ambayo sitaitaja. Miezi sita tu, lakini kwa aliyekaa miaka miwili nyumbani, miezi sita ni neema. Tangazo lilisema maombi yatumwe kwa barua pepe tu, na yatakayoletwa kwa mkono hayatapokelewa. Mwisho ni Ijumaa saa tisa na nusu alasiri.

Alhamisi mchana akaenda stesheneri, akaskani vyeti, akalipa, akatuma. Ijumaa jioni akapata ujumbe wa Kiingereza unaosema kwamba barua haijafika lakini itaendelea kujaribiwa. Akadhani ni matangazo ya biashara, akaachana nao. Jumapili usiku ukaja wa pili: imeshindikana. Jumatatu asubuhi akanipigia simu.

"Kaka, nimejibiwa na shetani."

Akanisomea anwani ya mtumaji: mailer-daemon. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka aliponiambia siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Huyo si shetani. Mafundi wa kompyuta wa zamani walilichukua neno hilo kwa maana ya mtumishi asiyeonekana anayefanya kazi nyuma ya pazia usiku na mchana. Na katika kisa hiki mtumishi huyo ndiye pekee aliyesema ukweli. Maana dada yangu alipopiga simu ofisini, jibu mnalijua. Mtandao ulikuwa unasumbua.

Kutoka Handeni hadi Korogwe ni kama kilomita 65 za lami. Angepanda Noah alfajiri ile Ijumaa, saa mbili angekuwa mlangoni na bahasha yake. Lakini walikwisha sema kwa mkono hawapokei. Kwa hiyo tuna ofisi iliyofunga mlango wa mbele kwa kufuli, ikawaelekeza watu mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma ukawa umejengewa ukuta.

Mimi ni mwandishi wa habari, si fundi. Lakini hasira ni mwalimu mzuri. Nyumbani kuna kompyuta ya mezani ya zamani ambayo ilikuwa imefunikwa kitambaa kama televisheni ya miaka ile. Nikaifuta vumbi, nikaweka Linux, nikaweka Postfix, programu ya bure ya kupeleka barua iliyotolewa mwaka 1998, nikasema nitajenga posta yangu mwenyewe sebuleni nione ugumu uko wapi. Jina la kikoa, yaani kile kipande kinachokaa baada ya alama ya @, nilikuwa nalo. Nililisajili zamani, na barua zake zinapokelewa na kampuni ninayoilipa kila mwaka.

Siku ya kwanza nilituma barua kutoka kompyuta hiyo kwenda anwani yangu mwenyewe. Kumbukumbu za seva zikaandika kwamba barua imetumwa. Nikafurahi, nikaenda kunywa chai. Nikafungua simu: hakuna kitu. Nikatuma tena. Imetumwa. Hakuna kitu. Mara nne.

Unajua zilikokuwa? Ndani ya kompyuta ileile, hatua mbili kutoka nilipokaa. Katika mipangilio ya Postfix kuna mstari unaotaja majina ambayo seva iyahesabu kuwa ni yake, kwamba barua za majina hayo zimefika mwisho wa safari. Mimi kwa kiherehere nikaliweka jina langu la kikoa pale. Kompyuta ikasoma anwani, ikajiambia, "Huyu ni wa hapa hapa," ikaitia barua kwenye sanduku la ndani. Haikuuliza mtu. Haikutoka hata kwenye kizingiti. Na iliposema imetumwa, kwa akili yake haikusema uongo.

Nikaufuta ule mstari. Barua ikatoka, ikaenda kugonga ukuta mwingine. Kompyuta za posta huongea kupitia mlango namba 25, na watoa huduma wengi wa intaneti za majumbani huufunga mlango huo kwa wateja wao. Wana sababu: kwa miaka mingi kompyuta za majumbani zilizoingiliwa na virusi zimetumika kutapika barua taka kwa mamilioni bila wenyewe kujua. Juu ya hapo, modemu yangu hainipi namba yangu ya kudumu. Namba ninayoonekana nayo duniani nachangia na wateja wengine nisiowajua. Hebu fikiria posta ya kimataifa inapokea barua kutoka kwa mtu asiye na sanduku, asiye na mtaa, anayetumia jina la nyumba ya wapangaji mia. Ungemwamini?

Wazee wetu walilijua tatizo hili na dawa yake. Kijijini hukuwa na S.L.P. yako. Uliandika "kwa kupitia kwa Mwalimu Mkuu" na sanduku la shule, na barua ilifika. Kwa kompyuta ni hivyohivyo. Unamwelekeza Postfix asipeleke mwenyewe, ampe barua mpeleka barua anayeaminika, kupitia mlango namba 587, akijitambulisha kwa jina na nywila. Nikafanya hivyo. Bado barua ikakataliwa, maana kompyuta ilikuwa inajitambulisha kwa jina lile la kiwandani, "localhost", jina ambalo kila kompyuta duniani inajiita ikiwa nyumbani kwake. Ni kama kuandika nyuma ya bahasha "Inatoka kwangu". Nikasahihisha. Ikafika, lakini kwenye barua taka, mpaka nilipoongeza kwenye rekodi za jina langu ule mstari unaoitwa SPF, unaotangaza ni seva zipi zina ruhusa ya kutuma kwa jina hilo. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamelikazia sana jambo hili. Asiyejitambulisha asitarajie kupokelewa.

Siku tatu. Makosa manne, na yote manne yalikuwa yangu. Nataka uliweke akilini hilo: katika siku zote tatu, intaneti ya Korogwe haikukatika hata mara moja.

Nikiwa na elimu yangu hiyo ya siku tatu nikaigeukia ile ofisi. Kila jina la kikoa lina rekodi inayoitwa MX, inayosema barua za jina hili zipelekwe mashine gani. Rekodi hiyo si siri. Mtu yeyote anaweza kuiuliza kwa amri moja. Nikauliza. Ikanitajia mashine, nikaigongea mlango namba 25. Kimya. Nikagonga asubuhi, nikagonga usiku wa manane. Kimya. Halafu nikaangalia tovuti yao inakaa wapi, nikakuta iko mahali pengine kabisa, na inafunguka vizuri na picha za viongozi wakikata utepe.

Picha ikanijia. Walihama kampuni. Tovuti wakaihamisha, posta wakaisahau. Aliyehamisha akafungua ukurasa wa mbele, akaona picha ya mkubwa imetokea, akasema kazi imekwisha, akasaini hati ya malipo. Hakuna aliyetuma hata barua moja ya majaribio. Na hakuna aliyestuka baadaye, kwa sababu ndani ya ofisi wenyewe hawaitumii anwani hiyo. Wanaandikiana kwa Gmail zao binafsi na WhatsApp. Anwani rasmi ni ya kuwapa wananchi.

Narudia: anwani rasmi ni ya kuwapa wananchi. Hapo ndipo ninapokasirika.

Najua kuna wataalamu wataniambia, "Wewe bwana, nani anatumia barua pepe siku hizi? Tumia WhatsApp." Haya, tuzungumze. WhatsApp ya nani? Ya bwana fulani wa masijala, kwenye simu yake, kwa laini yake. Kesho akihamishiwa Kilindi, barua zako zimehama naye. Akistaafu, zimestaafu. Simu ikiibiwa stendi, ombi lako la kazi na malalamiko yako ya kiwanja yameibiwa pia. Hiyo Gmail binafsi nayo ni hivyohivyo. Ofisi ambayo mawasiliano yake yote yanategemea nywila iliyo kichwani mwa mtu mmoja haina kumbukumbu. Ina mazungumzo tu.

Wengine watasema teknolojia hii ni ngeni kwetu, tupewe muda. Muda upi? Kanuni za kupeleka barua hizi ziliandikwa mwaka 1982. Jina la nchi hii kwenye intaneti, .tz, limekuwepo tangu 1995, na tangu 2010 linasimamiwa hapa nchini na tzNIC. Wakala ya Serikali Mtandao ilianza 2012, na kwa sheria ya mwaka 2019 ikawa Mamlaka kamili. Mfumo wa barua pepe wa serikali upo. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na barua zikapita humo. Hatuwezi kuwa wageni wa posta katika mji huu.

Na mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, nchi nzima ilifanya Operesheni ya Anwani za Makazi. Mitaa ikapewa majina, nyumba zikapigwa namba, mpaka kibanda cha mama muuza mihogo kikapata namba. Mlipuko ule wa rangi na vibao ulikuwa na wazo zuri ndani yake: kwamba raia asiye na anwani hapatikani. Sasa mbona sisi tunapatikana na ofisi haipatikani?

Sitaki kulalamika tu kisha niondoke. Kuna kanuni moja ndani ya kanuni zile za 1982 ambayo ilinigusa. Inasema kila seva inayopokea barua lazima iwe na sanduku liitwalo "postmaster", yaani msimamizi wa posta, na mwanadamu asome kinachoingia humo. Waliotunga kanuni walijua mashine itakosea. Wakaagiza kwamba asikosekane mtu wa kuambiwa. Basi naomba mambo matatu, na yote matatu hayahitaji mfadhili. Kwanza, kila ofisi imtaje mtu huyo kwa cheo, abandikwe ukutani pamoja na ile mikataba ya huduma kwa mteja. Pili, kila Jumatatu asubuhi mtu huyo atume barua moja kutoka nje kwenda anwani rasmi, aone kama inafika, na ajibu kutoka ndani aone kama inatoka. Ni dakika mbili, chai haitapoa. Tatu, ofisi isiseme "kwa barua pepe tu" kabla haijajiandikia yenyewe barua na kuipokea.

Nanyi vijana wenzangu, mliosoma, mnaoshinda na simu mkononi: ujumbe wa mailer-daemon ukija, usiufute. Usome. Ukiwa na namba inayoanza na 4, maana yake subiri, bado inajaribiwa. Ukianza na 5, mlango umefungwa, tafuta njia nyingine saa hiyohiyo. Na hata usipokuwa na namba, ukisema barua haijafika, haijafika. Usikubali kuambiwa kwamba ni mtandao. Uchapishe upeleke kama ushahidi, maana una tarehe na saa.

Ndivyo alivyofanya dada yangu. Tuliuchapisha, nikamsindikiza, tukaupeleka kwa mkono pamoja na barua ya kueleza rekodi yao ya MX imekosewa wapi. Kwa mkono, naam, na safari hii wakapokea, wakagonga muhuri wa IMEPOKELEWA. Dada wa mapokezi alikuwa mpole, hana kosa. Alituuliza tu kwa nini hatukutuma kwa barua pepe.

Ni wiki ya tatu sasa. Nafasi ile imeshapata mtu, na simlaumu aliyeipata. Jana usiku nilikaa tena mbele ya kompyuta ya sebuleni, nikaugonga ule mlango namba 25.

Kimya.