Kura si tatizo, kambi ndizo tatizo

Nakubali kwamba chama cha CHADEMA hapa Tanzania kimeumia, ila sikubali kwamba kimeumizwa na uchaguzi wa mwenyekiti wake wa Januari 2025. Ule uchaguzi katika ukumbi wa Mlimani City, Dar es Salaam, ulikuwa wa mfano. Wajumbe walikesha, kura zikahesabiwa, Tundu Lissu akapata 513 na Freeman Mbowe 482. Mbowe, aliyeshika kiti hicho tangu 2004, alikubali matokeo na kumpongeza mwenzake. Ni vyama vingapi Afrika vimefanya hivyo?

Tulichoharibu ni kabla na baada. Kabla, tuliacha watu wagawanyike kuwa "timu" fulani, wakatukanana mitandaoni usiku na mchana, wanachama kwa wanachama. Baada, upande ulioshindwa ukajiona hauna tena chake. Ulipokuja ubishi wa kushiriki au kutoshiriki uchaguzi mkuu, kundi la wanachama lililoitwa G55, lililopinga kususia uchaguzi, lilikuwa tayari na kinyongo, na Mei mwaka huohuo baadhi yao wakahamia chama cha CHAUMMA. Tofauti ya kura 31 maana yake karibu nusu ya wajumbe walitaka mtu mwingine. Nusu hiyo haipuuzwi.

Ombi langu kwa viongozi wa chama chochote: wekeni ukomo wa uongozi kwenye katiba ya chama, ili kubadilishana kiti kuwe jambo la kawaida. Na mshindi awafuate walioshindwa wiki ileile, awape kazi za kweli. Anayetaka kuongoza nchi aanze kwa kuwaunganisha wa kwake.