Kaeni na Picha Zenu, Tuachieni Bei Yetu

Sisi mafundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, tumechoka kuambiwa tusiwe na wasiwasi. Redioni wanasema, kwenye semina wanasema, hata mtoto wa jirani aliyerudi likizo kutoka chuo anasema: akili mnemba itawapiga makarani, wahasibu na watafsiri, lakini nyie watu wa mikono mko salama. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Oxford, Frey na Osborne, walipima kazi 702 za Marekani kuona zipi zinaweza kuchukuliwa na mashine, na watengeneza makabati wakawekwa kwenye kapu la walio hatarini zaidi. Mwaka 2025 Geoffrey Hinton, mzee aliyepewa Nobel ya Fizikia kwa hayo hayo mambo ya mashine zinazojifunza, akashauri watu wajifunze ufundi bomba, maana kazi za mikono zitachelewa kufikiwa. Wakubwa wakishakubaliana kama tunakwenda au tunabaki, watutumie taarifa. Wakati tunawasubiri tunaliwa, na hatuliwi mikononi.

Tunaliwa kwenye maongezi. Mteja wa zamani alikuja na shida yake tu: "Fundi, nataka kabati la vyombo." Unampisha kwenye benchi, unamuuliza ukuta una upana gani, nyumba ni yake au amepanga, mlango wa kupitishia una futi ngapi, kuna watoto wa kuning'inia kwenye droo? Unaokota kipande cha plaiwudi, unachora kwa penseli, anasema hapa punguza, pale ongeza. Katika kuchora huko ndimo bei ilimokuwa. Randa na msumeno kila mtu hapa mtaani anavyo. Aliyejua kumsikiliza mteja na kumchorea ndiye aliyejenga nyumba yake Mbagala.

Sasa mteja hakai. Anasimama mlangoni, anakunyooshea simu. "Nataka hivi hivi." Ukiuliza picha kaitoa wapi, anajibu kwa fahari kwamba kaitengeneza mwenyewe kwa akili mnemba jana usiku akiwa kitandani.

Tuichukue moja, ya meza ya kulia chakula. Uso wa mninga, mpana, umezungushiwa fremu pande zote nne, kona zimekatwa nyuzi 45, umebanwa kabisa hata wembe haupiti. Inapendeza, hatukatai. Lakini mbao ina tabia yake: kwa urefu haisogei sana, kwa upana inavimba na kusinyaa. Masika ya Dar inakunywa unyevu na kutanuka, fremu inaikatalia, kona zinaachia. Ukiipeleka Dodoma inakauka na kupasuka katikati. Ndiyo maana sisi tukitengeneza uso wa namna hiyo tunauacha upumue ndani ya mfereji, bila gundi. Hayo aliyechora picha hayajui, kwa sababu hajawahi kuitwa miezi sita baadaye aje aone ufa. Anayeitwa ni fundi, na anayeambiwa ni tapeli ni fundi.

Miguu ya meza hiyo ilikuwa myembamba, imepinda kwa ndani, na mmoja ukiufuata kwa jicho unakuta haufiki juu. Tulimwonyesha mwenye picha. Akasema, "Fundi, wewe fanya tu."

Halafu ije bei. Simu ishamwambia mbao nne zinatosha na kazi ni ya siku mbili. Bosi, simu haijui kwamba mbao ya 2 kwa 6 ikitoka kwenye mashine ya kuranda si 2 kwa 6 tena. Haijui kwamba moja kati ya hizo nne ina fundo mahali pabaya na nyingine imepasuka kichwani, na kwamba mwenye mashine naye anataka chake hata umeme ukikatika katikati ya kazi. Zamani mlibishana na sisi kwa kukisia, tukacheka, tukakutana njiani. Siku hizi mnabishana na karatasi mkononi, imepangwa vizuri, ina jumla chini. Na karatasi hailegezi.

Baya zaidi ni maduka ya hewani. Mtu hana karakana, hana hata nyundo, ana kurasa zimejaa makochi na vitanda ambavyo havijawahi kuwepo duniani. Anapokea malipo ya awali, kisha anazunguka huku kwetu kutafuta wa kumfanyia kwa bei ya kutupa. Kitu kikitoka tofauti na picha, anatutupia lawama. Kisipotoka kabisa, namba haipatikani, na mteja aliyelizwa akija Keko anatuangalia wote kwa jicho moja. Sisi mbao zetu zisipogongwa nyundo ya serikali na kuwa na kibali cha kusafirishia, lori linalala barabarani. Picha haisimamishwi kizuizini.

Wenzetu wa nakshi wana kilio chao. Mashine za kuchonga kwa kompyuta zilikuwepo tangu zamani, lakini zilihitaji mtu wa kuzitayarishia mchoro, na mtu huyo alikuwa ghali. Siku hizi unaipa programu picha ya mlango wa Unguja, inakupa mchoro wa kuchonga, unabonyeza, unakwenda kunywa chai. Tumeuona mmoja uliofanywa hivyo: mlango wa mabawa mawili wenye mifaa miwili. Mfaa ni ule ubao wa katikati unaofunika pale mabawa yanapokutana, mabawa yanakutana mara moja, wa pili unafunika nini? Mnyororo wa pembeni nao ulianza vizuri chini, ukaishia hewani juu. Mwenye hoteli akaununua hivyo hivyo. Watalii watapiga picha, nazo zitaingia mitandaoni, na mashine itajifunza kutoka humo kwamba ndivyo milango ya Unguja ilivyo.

Vijana ndio wanatutia mashaka kuliko yote. Mwanafunzi wa useremala haanzi na kuchonga. Anaanza kwa kupiga msasa, kushika upande wa pili wa futi, kisha anaachiwa kupanga vipande kwenye ubao wa 8 kwa 4 asiharibu. Akikosea hesabu anakemewa, akipatia anapewa soda. Siku hizi anayeuza mbao za kiwandani anaingiza vipimo kwenye kompyuta, programu inapanga, mashine inakata na kubandika ukingo, vipande vinafika vikiwa tayari kwa skrubu. Kazi inakwenda haraka na taka ni chache, hilo tunalikubali. Lakini kijana huyo, siku akipewa mbao ya msaji iliyopinda, ataianzia wapi?

Kuna mwenzetu mmoja, hatumtaji, anatumia akili mnemba hiyo hiyo kuandika ankara na kuwajibu wateja wa ofisini kwa Kiingereza kizuri kuliko chao. Anasema tunalalamika bure, tujifunze. Sawa, tumeanza kumwendea jioni atuonyeshe. Naye ameanza kututoza.