Donald hakuondoka mapema

Makala iliyodai kwamba Aaron Donald, mlinzi wa futiboli ya Marekani, hawezi kulinganishwa na mlinzi mwenzake Bruce Smith, kwa kuwa alistaafu Machi 2024 akiwa na miaka 32 tu, imetuonyesha jumla na kuacha hesabu. Ndiyo, Smith aliwaangusha kwotabeki mara 200, lakini katika misimu 19. Donald alicheza 10, yote na Rams, akapata 111.

Tena alishambulia akitokea katikati ya safu, penye msongamano, ambako mara kwa mara wachezaji wawili walimkabili kwa pamoja. Na huyu ndiye waliyemwona mdogo wa umbo alipotoka chuo kikuu cha Pittsburgh! Akatwaa tuzo ya mlinzi bora wa NFL mwaka 2017, 2018 na 2020. Katika fainali ya Februari 2022, Cincinnati wakiwa nyuma kwa 23–20 na ikiwa imesalia chini ya dakika moja, alimkamata kwotabeki wao Joe Burrow, mpira ukarushwa ovyo, Rams wakawa mabingwa.

Msimu wake wa mwisho bado alitajwa katika kikosi bora cha ligi. Mwandishi atueleze, basi: misimu 9 zaidi ya kuumizwa magoti na mabega ingethibitisha nini ambacho Donald hakuwa amekwisha kukithibitisha?