Jumba la Mji Likiuzwa, Mji Huwa Mpangaji



Katika miji mingi hufika siku diwani akasimama barazani na kusema: jumba letu la katikati ya mji limechakaa, linatugharimu, bora tuliuze. Hoja huwa tamu. Paa linavuja, lifti ni mbovu, na mnunuzi yuko tayari na fedha taslimu. Sisi tunasema: msiuze! Na kabla hatujaambiwa kwamba tunang'ang'ania mawe na saruji, natuyatazame yaliyoupata mji wa London.

London ilikuwa na County Hall, jumba kubwa ukingoni mwa mto Thames, karibu kabisa na Bunge la Uingereza. Lilifunguliwa na Mfalme George wa Tano mwaka 1922, na kwa zaidi ya miaka 60 likawa makao ya baraza la jiji. Mwaka 1986 serikali ya Margaret Thatcher ikalivunja baraza lenyewe, ambalo lilikuwa limeongozwa na mpinzani wake Ken Livingstone. Jumba likabaki bila mwenyewe. Chuo cha LSE kilikuwa miongoni mwa waliolitaka, ili wanafunzi wasome humo. Hakikulipata. Mwaka 1993 likauzwa kwa kampuni ya Shirayama ya Japani. Leo ndani yake kuna hoteli na maonyesho ya samaki, na mtoto wa London hulipa kiingilio katika jumba ambalo babu zake walilijenga kwa kodi zao.

Jee, mambo yaliishia hapo? La, hasha. Mwaka 1998 wakazi walipiga kura wakataka kuwa na meya, na mwaka 2000 wakamchagua Livingstone yule yule. Meya anahitaji ofisi, na jumba limekwenda! Jiji likapanga katika jengo jipya la vioo lililofunguliwa mwaka 2002, mali ya wengine. Kufikia 2020, pango pamoja na ada nyinginezo vilizidi pauni milioni 11 kwa mwaka. Meya Sadiq Khan, bajeti ikiwa imebanwa na korona, akaamua kuhama, na mwishoni mwa 2021 ofisi zikaondoka kwenda Royal Docks, mashariki na mbali na katikati ya mji, kwenye jengo ambalo jiji linalimiliki. Hatumlaumu yeye. Mpangaji akilemewa na pango huhama. Tunawalaumu waliomfanya mwenye mji kuwa mpangaji.

Watasema: jengo bovu linakula fedha za zahanati na mitaro. Ni kweli, na hoja hii hatuipuuzi. Lakini fedha za mauzo huingia mara moja tu, na bajeti ya mwaka mmoja yaweza kuzimeza zote, ilhali pango la jengo la katikati ya mji huingia kila mwezi. Baraza lisilo na fedha za ukarabati likodishe baadhi ya ghorofa, kwa mkataba wenye mwisho unaojulikana, na hati ibaki mkononi mwake.

Na huku kwetu Afrika Mashariki jambo hili si geni. KICC ya Nairobi ni mali ya taifa na si ya jiji, lakini somo ni lile lile. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliiweka katika orodha ya mali za kubinafsishwa. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaibatilisha sheria iliyotumika, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Huko London hapakuwa na baraza la jiji la kuulizwa. Nairobi wananchi walikuwa na mahakama ya kukimbilia.

Kwa hiyo ndugu zetu, mkisikia jumba la mji wenu linataka kuuzwa, nendeni kwenye kikao, na vijana wachukue daftari. Ulizeni: thamani yake imepimwa na nani? Zabuni imetangazwa wapi? Ofisi zitahamia wapi, na pango lake litatoka mfuko upi? Diwani asiye na majibu hayo hana haki ya kupiga kura ya kuuza. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na mali hii si ya madiwani. Ni amana ya watoto wetu.