Taksiri ya Mtoto Mwindaji

Katika jimbo la Pennsylvania, huko Marekani, Jumatatu inayofuata sikukuu ya Shukrani ilikuwa kwa miaka mingi siku ya kufunguliwa msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki, na shule nyingi za vijijini zilifungwa, kwa kuwa walimu na wanafunzi wao kadhalika walikuwa msituni. Mwaka 2019 ufunguzi ulihamishiwa Jumamosi, lakini desturi ya mzazi kutoka alfajiri na mwanawe katika baridi kali ingalipo. Nayaandika haya kwa sababu ndugu zetu waliotoka Kongo wamefanya maskani Lancaster na Erie, watoto wao husoma pamoja na watoto wa wawindaji hao, na si ajabu siku moja nao wakaalikwa.

Sharia ya huko haimwachi mtoto peke yake. Utaratibu ulioanzishwa mwaka 2006 ulimruhusu mtoto asiyetimiza miaka 12 kuwinda akiwa na mlezi mwenye leseni ambaye umri wake si chini ya miaka 21, kwa sharti kwamba wawili hao wawe na bunduki moja tu, na wakiwa mwendoni aichukue mlezi. Sharti hili lanipendeza mno, kwani lamfanya mtu mzima kuwa mshirika wa kila risasi itokayo, asiweze kusimama kando baadaye na kusema kwamba kosa ni la mtoto.

Na makosa hutokea. Kulungu jike amesimama nyuma ya kichaka, vitawi vikavu vimechomoza juu ya masikio yake vikafanana na pembe. Mtoto, ambaye kibali chake ni cha dume mwenye pembe, anatetemeka kwa shauku. Mlezi ananong'ona, "Haya, piga". Kisha wanafika mahali alipoanguka mnyama na kukuta kichwa kitupu. Wakati huo, kabla ya neno lolote kutamkwa, mtoto haangalii mzoga. Anaangalia uso wa babaye.

Sharia ya jimbo hilo, kwa insafu ambayo yastahili kusifiwa, imemfungulia mlango aliyekosea bila ya kukusudia: atoe matumbo ya mnyama nyama isije ikaharibika, ampeleke kwa afisa wa wanyamapori ndani ya saa 12, aeleze kwa maandishi na kwa kiapo jinsi mambo yalivyokuwa, na alipe fidia ya dola 25. Fedha hizo si nyingi. Kilicho kizito ni ile safari ya kwenda kumkabili afisa, ilhali msitu ni mpana, majani makavu yametanda kila mahali, na hakuna shahidi. Mzazi anayemfukia kulungu chini ya majani hayo na kumwambia mwanawe anyamaze ameokoa dola 25, lakini amemfundisha kwamba ukweli husemwa pale tu mtu anapoonekana. Na yule anayefoka na kumtusi mtoto hana nafuu sana kuliko huyo, maana mtoto aliyeaibishwa kwa kuungama hataungama tena.

Lipo kosa jingine ambalo sharia haiwezi kulitengeneza, nalo ni risasi iliyopita nyuma mno, ikakosa moyo na mapafu ikaingia tumboni. Damu ya mapafu ni nyekundu yenye mapovu; ya tumbo ni nyeusi nyeusi, imechanganyika na mabaki ya majani. Akiiona hii ya pili, mlezi mwenye hekima huketi na kungoja kwa saa kadhaa, kwa kuwa mnyama akifukuzwa mapema hukimbia mbali na huenda asipatikane kamwe. Mtoto akilia katika kungoja huko, na alie, kwa kuwa amemtia kiumbe hai maumivu na moyo wake umelitambua hilo. Asiambiwe kwamba si kitu, wala asiambiwe kwamba yeye ni mbaya. Wakati ukifika aongoze yeye kufuata damu, tone kwa tone, hata kama ni kwa magoti.

Sisemi kwamba kila kosa listahimiliwe kwa upole. Mtoto akielekeza mdomo wa bunduki kwa mtu, hata kwa nukta moja, hata ikiwa haina risasi, uwindaji wa siku hiyo umekwisha: bunduki ifunguliwe, warudi nyumbani, na asipewe tena mpaka amejifunza upya. Jicho laweza kudanganyika kwa vitawi. Lakini kujua mtutu umeelekea wapi ni jambo lililo katika mamlaka ya mikono yake, na taksiri ya namna hiyo huua watu.

Ama kwa yule aliyempiga jike kwa kudhani ni dume, rai yangu ni kwamba afisa akifika, mtoto asifichwe garini. Asimame, aeleze alichokiona kwa maneno yake mwenyewe, bila ya kukatizwa. Lakini asiwe yeye wa kwanza kusema. Aanze mzazi, kwa sauti ambayo mwanawe ataisikia, aseme kwamba ni yeye aliyemwambia apige.