MAMBO YA NYUMBANI: Motokaa Isiyotulia

Mwezi huu tunataka kuzungumza nanyi habari ya motokaa. Huenda mmoja wenu akashangaa na kusema, "Mwalimu wa dini na motokaa, wapi na wapi?" Lakini waalimu wengi na wazee wa kanisa wana magari siku hizi, na mara nyingi si magari mapya. Tena jambo lililotupata kwa ajili ya motokaa yetu lilitufundisha neno ambalo tulikuwa tumelifundisha wengine miaka mingi.

Motokaa yetu ni ya zamani, ya namna ile yenye kabureta. Magari yaliyo mengi mjini Dar es Salaam leo hupimiwa petroli na kompyuta. Yetu haina kompyuta. Kabureta ndiyo ichanganyayo petroli na hewa kabla ya kuingia katika injini. Basi ugonjwa wake ulikuwa huu: barabarani ilikwenda vizuri, lakini kila iliposimama, injini ilitetemeka, mlio ukapanda na kushuka, mwisho ikazimika. Mafundi wa Kariakoo husema, "Gari haina sailensi," yaani injini haitulii mguu ukiondolewa kwenye resi.

Tuliipeleka upande wa Gerezani, kwa kijana mmoja fundi ambaye ni muumini mwenzetu. Akaifungua kabureta, akaiosha, akapuliza vitundu vyake kwa hewa, akairudisha. Alipomaliza alituambia, "Mwalimu, na mpira huu uendao kwenye breki umechoka. Afadhali ununuliwe mwingine." Tukamjibu, "Mwanangu, tumekuita kwa ajili ya kabureta, si kwa ajili ya breki." Akanyamaza, akafunga boneti.

Haukupita muda mrefu, tukawa tunampeleka mzee mmoja mgonjwa hospitali ya Muhimbili. Tulipofika njia panda ya Barabara ya Msimbazi na ya Uhuru, injini ikazimika. Tukaiwasha, ikazimika. Mara ya tatu haikuwaka tena upesi. Nyuma yetu honi zikalia, wachukuzi wa mikokoteni wakatupigia kelele, na mzee akawa anaugua kwenye kiti cha nyuma. Watu wema wakamwinua, wakamtia katika bajaji, akafika hospitali, akatibiwa. Sisi tukabaki katikati ya njia na aibu yetu.

Aibu, ndugu, ni mzigo ambao mtu hapendi kuuchukua mwenyewe. Tukatafuta wa kumtwika, tukampata yule kijana. Tulimwendea, tukamwambia mbele ya wateja wake kwamba ametoa vyombo vizuri vya kabureta yetu na kutia vibovu. Akakana. Tukarudia maneno yale yale baada ya ibada, watu wakisikia. Neno la mwalimu huaminiwa upesi. Kwa hiyo wengine wakaacha kumpelekea magari yao.

Kisha tukachukua fedha tulizoweka kwa ada ya watoto, tukanunua kabureta nyingine katika maduka ya spea. Ikafungwa. Ugonjwa ukabaki ule ule. Fundi wa pili akasema, "Nitapandisha sailensi tu." Akachukua bisibisi, akakaza skrubu ya mwendo, injini ikalia kwa nguvu wala haikuzimika tena. Tukafurahi siku mbili. Lakini petroli ikaliwa sana, gari likawa lasukuma mbele hata likiwa limesimama, na pedali ya breki ikawa ngumu. Tulidhani ni mguu wetu umezeeka. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Ndipo tukamwendea mzee mmoja aliyezitengeneza motokaa za kabureta tangu ujana wake. Hakushika bisibisi. Alisema tuzime redio, akainamisha kichwa, akasikiliza. Katikati ya mlio wa injini palikuwa na sauti nyembamba, kama mtu avutaye pumzi kwa meno. Akapinda ule mpira wa breki, na upande wake wa chini tukaona ufa. Akauziba kwa kidole, na mlio wa injini ukabadilika papo hapo.

Akatueleza hivi. Mguu ukiwa juu ya resi, kilango kilicho ndani ya kabureta hufunguka, na hewa nyingi huingia. Ufa mdogo haujulikani, kama mnong'ono wa mtu mmoja sokoni mchana. Lakini mguu ukiondolewa, kilango kile karibu hufungwa kabisa. Hapo injini huvuta kwa nguvu, na chakula chake ni hewa kidogo pamoja na petroli ipitayo katika kitundu chembamba sana. Hewa isiyopimwa ikiingia kwa njia ya ufa, petroli huwa kidogo mno, na injini hufa. Skrubu ya mwendo hufungua kilango tu; haizibi ufa. Na mpira ule ndio upelekao nguvu ya mvuto wa injini kwenye chombo cha kusaidia breki. Basi tulipopandisha sailensi, tulinyamazisha mlio uliokuwa ukituonya kwamba breki zetu zadhoofika. Mzee akatia mpira mpya wa bei ndogo, akarudisha skrubu mahali pake, na motokaa ikatulia.

Kwa ajili ya wasomaji wenye magari ya namna hii, twaandika hapa taratibu aliyotufundisha.

Kwanza, usiguse skrubu yo yote kabla hujajua kisa. Acha injini ipate moto sawasawa, na choki iwe imerudishwa. Kazi hii ifanyike mahali pa wazi, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, kwa maana moshi wa injini una sumu isiyo na harufu, nayo huua. Mahali panapofunguliwa petroli pasiwe na sigara wala moto, na injini iwe imepoa.

Pili, tafuta hewa ya wizi. Pinda kila mpira utokao kwenye injini, utazame chini yake. Tazama gasketi iliyo chini ya kabureta, na mahali bomba la kuingizia hewa linapoungana na injini. Ukinyunyiza maji kidogo mahali hapo injini ikiwa inanguruma, na mlio ukabadilika, ufa uko hapo. Lakini usilowanishe nyaya za plagi.

Tatu, ijaribu breki. Zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha uikanyage na kushikilia, na uwashe injini. Pedali yapasa kushuka kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, usitoke barabarani mpaka fundi ameitazama. Jaribio hili ni la magari yenye chombo cha kusaidia breki. Mengine ya zamani sana hayana.

Nne, angalia moto wa umeme: plagi safi, nyaya nzima, na pointi zenye nafasi iliyowekwa na watengenezaji. Mara nyingi watu hulaumu kabureta kumbe kosa ni la plagi.

Tano, ndipo uifungue kabureta. Kile kitundu chembamba cha petroli huzibwa na punje ndogo ya taka. Kipulize kwa hewa. Usikichokoe kwa waya, maana ukikipanua kidogo tu kipimo kimeharibika. Tazama pia boya linalopima petroli, kama halijatoboka na kujaa.

Sita, na mwisho kabisa, skrubu. Ile ya mchanganyiko uikaze polepole mpaka iguse, bila nguvu, kisha uilegeze mzunguko mmoja na nusu. Huo ndio mwanzo kwa kabureta nyingi. Injini ikiwa na moto, igeuze kidogo kidogo mpaka mlio uwe laini kuliko wote. Baada ya hayo uweke mwendo kwa skrubu ya pili, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Kwa magari mengi ni kati ya mizunguko 700 na 900 kwa dakika.

Tena msomaji aliye Mbeya, mahali palipo juu kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, akumbuke kwamba hewa ya huko ni nyepesi, na fundi wa huko hupunguza petroli ilingane nayo. Gari hilo likishuka Dar es Salaam, hewa ni nzito, na petroli ile haitoshi. Likikosa utulivu huku pwani, fundi wa Mbeya asilaumiwe; lipimwe upya.

Basi turudi kwa yule kijana. Mpira ule mbovu tulirudi nao nyumbani, tukauweka mezani. Mama wa nyumba akauliza, "Si huu ndio yule fundi aliokuambia?" Hatukuwa na jibu. Kweli alituambia, tena kabla ya yote. Sisi tulisahau kwa sababu maneno yake yalikuwa ya kutugharimu, na yeye ni mdogo kwetu. Amri ya nane tumewafundisha watoto kuikariri tangu tulipokuwa vijana, nasi tulikuwa tumeivunja mlangoni pa kanisa.

Kesho yake tulikwenda Gerezani na mpira ule mkononi. "Shikamoo, Mwalimu," akasema, wala hakuinua macho kutoka katika kazi yake. Tukamwambia mbele ya wote waliokuwapo kwamba tulimsingizia, kwamba alituonya tusimsikie, na kwamba twaomba msamaha. Akafuta mikono kwa kitambaa, akatupa mkono. "Yamekwisha, Mwalimu," akasema. Kisha, baada ya kimya kidogo, "Lakini wateja hawajarudi."

Neno hilo lilitufuata njiani. Jina la Kariakoo lilitokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, kilichopiga kambi hapo baada ya mji kutwaliwa mwaka 1916. Watu wale walibebeshwa mizigo ya vita ambayo haikuwa yao, na wengi hawakurudi makwao. Tuliona kwamba na sisi tulikuwa tumemtwika mtu mzigo usio wake, na kumwambia "utusamehe" hakujautua. Mzigo hutuliwa na yule aliyeutwika.

Kwa hiyo tumefanya haya. Dominika iliyopita tulisimama mahali pale pale tuliposema uongo, tukasema kweli. Tumewaendea nyumbani watu watatu tunaojua walimwacha kwa ajili ya maneno yetu. Wawili wamemrudia, wa tatu bado. Ile kabureta ya ziada tumempa kijana aiuze, fedha ziwe fidia ya siku alizokaa bila kazi. Ada ya watoto tunailipa kidogo kidogo, na mwalimu mkuu wao amekubali kutungoja. Tena tunaandika habari hii hapa, maana uongo wetu huenda ulifika mbali kuliko miguu yetu.

Ndugu wapendwa, wakati wa mbio na shughuli ufa hauonekani, katika motokaa na katika mtu pia. Nyumba inapotulia jioni, kazi zimekwisha na wageni wameondoka, sikilizeni. Mkisikia kitu kinatetemeka, msikimbilie skrubu ya kupandisha sauti. Utafuteni ufa, na mdogo wenu akiwa ameuona kwanza, mshukuruni.

Amani ya Bwana ikae nanyi nyote.