Hiyo "Ni Muvi Tu" Imetosha

Wiki jana niliweka posti fupi tu: Velociraptor wa kweli alikuwa na manyoya, na ukubwa wake ni kama wa bata mzinga. Basi. Sijataja siasa, sijataja mpira, sijataja mtu. Lakini komenti zilizokuja, wasee, ungedhani nimetukana mama ya mtu. "Buda, ni muvi tu." "Wacha kutuharibia utoto wetu." Na iliyopata laiki nyingi kuliko zote: "Si wewe hata chuo hukumaliza, leo ndio unatufunza sayansi?"

Sawa. Ni ukweli, niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu karo ilinishinda, na nimewahi kusema hapa. Lakini mifupa haiulizi mtu cheti. Iko pale, inapimwa, na yeyote mwenye bando anaweza kusoma kilichopimwa. Kwa hivyo leo naandika ndefu.

Kwanza tuelewane. Mimi naipenda Jurassic Park. Niliiona mara ya kwanza kwenye kibanda cha video mtaani, tumebanana kwenye benchi watoto kama thelathini, na DJ anatutafsiria kwa Kiswahili juu ya sauti ya muvi. Yale maji kwenye kikombe yalipoanza kutikisika, hakuna mtoto alipumua. Kwa hivyo usiniambie nina chuki. Nabishana kwa sababu naipenda.

Na wale wa 1993 mimi siwalaumu sana. Steven Spielberg alikuwa anafuata kitabu cha Michael Crichton cha 1990, na alikuwa na mtaalamu wa visukuku, Jack Horner, wa kumshauri. Kwa wakati wake muvi hiyo ilisaidia. Kabla yake watu wengi walidhani dinosauri ni mijusi mikubwa mizembe inayoburuta mkia kwenye matope. Spielberg akatuonyesha wanyama wepesi, wanaokimbia mkia ukiwa juu, wanaotembea kwa makundi.

Makosa yalikuwepo. Velociraptor wao ni mkubwa kama mtu, kwa sababu kusema kweli yule ni Deinonychus, mnyama mwingine kabisa wa Marekani. Crichton alimfuata Gregory Paul, ambaye mwaka wa 1988 aliwaweka wote wawili chini ya jina moja. Velociraptor halisi ni wa Mongolia, kilo 15 hivi hadi 20. Naye Dilophosaurus anayetema sumu na kufungua mwavuli shingoni? Hiyo walibuni, hakuna mfupa unaosema hivyo. Na manyoya je? Kisukuku cha kwanza cha dinosauri asiye ndege mwenye manyoya, Sinosauropteryx wa China, kilitangazwa 1996, miaka mitatu baada ya muvi. Wangejuaje? Mtu akikosea kwa kutojua, tunamsamehe na maisha yanaendelea.

Sasa njoo 2015, Jurassic World. Hapo ndipo hasira yangu inaanzia.

Kufikia hapo China ilikuwa imetoa visukuku vya manyoya kwa wingi. Mwaka wa 2007 watafiti walichunguza mfupa wa mkono wa Velociraptor na kukuta vijinundu vilivyopangwa kwa mstari, vilevile ndege wa leo huwa navyo pale manyoya ya bawa yanaposhikia. Huyo ni Velociraptor mwenyewe, sio binamu yake. Mwaka wa 2012 akatangazwa Yutyrannus, jamaa wa ukoo wa T. rex, mita tisa kwa urefu, na manyoya juu. Habari zote hizi zilikuwa wazi. Halafu 2013, muvi ikiwa bado inatayarishwa, mwelekezi wake Colin Trevorrow akaandika kwenye Twitter kwamba hakutakuwa na manyoya. Alijua, akakataa. Kutojua na kukataa kujua si kitu kimoja.

Najua utetezi wenu, nimeusoma wote kwenye komenti.

Wa kwanza: "Lakini kwenye muvi wanasema walichanganya na DNA ya chura, so hao sio dinosauri halisi." Ni kweli, na hata kwenye ile ya 2015 Dakta Wu anasema wanyama wale wangekuwa na sura tofauti kama jeni zao zingekuwa safi. Ujanja mzuri. Lakini niambie, nani alitoka pale akisema, "Leo nimeona chura aliyechanganywa na dinosauri"? Kila mtu alitoka akisema ameona Velociraptor. Sentensi moja ya daktari haifuti masaa mawili ya picha.

Wa pili: "Nani ataogopa kuku?" Huyu hajawahi kufukuzwa na mbuni. Mbuni ana manyoya, na teke lake linaweza kuua mtu. Kuna tai wa msituni hapa kwetu anayenyakua tumbili kwenye mti. Ukitaka kujua kama manyoya yanaondoa uoga, muulize huyo tumbili. Na mwaka wa 2022 ile tamthilia ya Prehistoric Planet, anayosimulia David Attenborough, iliwavisha Velociraptor manyoya yao na bado walitisha. Mwaka huohuo Jurassic World Dominion nayo ikamweka Pyroraptor mwenye manyoya. Kumbe ilikuwa inawezekana.

Na nisionekane naweka manyoya kila mahali. T. rex mwenyewe, vipande vya ngozi yake vilivyopatikana vina magamba. Hapo muvi haiko mbali. Nafuata mifupa, sifuati timu.

Wa tatu ndio huo wenu wa kila siku: "Ni muvi tu." Huu wacha niujibu na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka juzi nilitengeneza video: "Ukikutana na T. rex, usisonge, hawezi kukuona." Watu elfu arobaini na kitu waliitazama, ikawa video yangu kubwa kuliko zote wakati huo. Niliitoa wapi hiyo habari? Kwenye Jurassic Park, pale Dakta Grant anapowaambia watoto wasitikisike. Sikuiangalia popote pengine, kwa sababu kichwani mwangu haikuwa habari ya muvi, ilikuwa tu "kitu kinajulikana." Kisha kijana mmoja wa shule, heshima zote, akaniandikia kwa DM: bro, T. rex alikuwa na macho makubwa yanayotazama mbele kama ya mwewe, na sehemu ya ubongo wake ya kunusa ilikuwa kubwa sana. Ukisimama tuli anakuona, na usipoonekana ananusa. Nikatafuta, nikakuta amesema kweli.

Niliiacha ile video juu siku tatu zaidi. Tatu. Kwa sababu views zilikuwa zinapanda na nilihitaji pesa. Kisha nikaitoa, nikaweka ya kujisahihisha, ambayo walioiona hawakufika hata elfu mbili. Kwa hivyo najua kabisa studio ile ilifikiria nini 2015, kwa sababu mimi pia nilifikiria hivyo siku tatu. Uongo unauza, marekebisho hayauzi. Na hiyo "ni muvi tu" inapenda kusemwa na watu ambao, kama mimi wakati ule, kila wanachojua kuhusu dinosauri wamekitoa kwenye muvi.

Sasa tufike mahali paliponiuma kweli.

Mpwa wangu wa Grade 4 aliniuliza, "Anko, dinosauri walikuwa Marekani peke yake?" Nikanyamaza. Sikuwa na jibu. Nimeona muvi zote za Jurassic, nyingine mara tano, na sikuwa na jibu.

Jibu liko Lindi, kusini mwa Tanzania. Mahali panaitwa Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa iliyojaza meli, zaidi ya tani 200. Wachimbaji walikuwa mamia ya Waafrika, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Mizigo ilibebwa kichwani na mabegani, mwendo wa siku nne hivi hadi bandari ya Lindi, katika nchi iliyokuwa imetoka tu kuumizwa na vita vya Maji Maji. Mifupa hiyo ikaenda Berlin. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa kwenye makumbusho pale tangu 1937, zaidi ya mita 13 kwenda juu.

Na unamjua. Ni yule wa shingo ndefu, Brachiosaurus, wa kwanza kuonyeshwa mzima kwenye Jurassic Park, muziki unapanda na Dakta Grant anashindwa kuongea. Jina Brachiosaurus lilitokana na mifupa ya Colorado, na mwaka wa 1914 Werner Janensch akampa wa Tendaguru jina hilohilo. Lakini ile sura dunia nzima imeizoea, kichwa chenye kibonge juu ya pua, ni ya yule wa Lindi. Mwaka wa 2009 Michael Taylor alionyesha kwamba hawa ni wanyama wawili tofauti. Wa kwetu anaitwa Giraffatitan. Muvi imemfanya atafune majani kama ng'ombe, na dinosauri wa aina yake hawakutafuna, walikata na kumeza. Imemsimamisha kwa miguu miwili ya nyuma, kitu ambacho mwili wake haukuumbiwa.

Cha kuchekesha, T. rex, Triceratops na Velociraptor hawakuishi enzi ya Jurasiki kabisa. T. rex aliishi miaka milioni 68 hadi 66 iliyopita. Yule wa Lindi aliishi kama milioni 150. Yeye ndiye anayestahili hilo jina la muvi, na ndiye sisi majirani hatumjui.

Kwa hivyo sisemi msitazame. Tazameni, hata mimi nikiitiwa popcorn naja. Ninachokataa ni kuambiwa ukweli unaharibu utoto. Utoto wangu haukuharibiwa na manyoya. Kilichoniharibia ni kufika miaka ishirini na kitu nikishindwa kumjibu mtoto kuhusu mnyama aliyechimbwa hapa jirani tu.

Mpwa wangu nimemjibu sasa. Ameniuliza swali lingine: kwa nini hawamrudishi? Hilo nalo tutaliongelea. Lakini atakayeniandikia "ni muvi tu" leo, kwanza aniandikie hapo chini Lindi iko wapi.